Ng'ombe wa Dada

Basi la kutoka Iringa liliingia Mbeya likiwa limevaa matope hadi madirishani, na abiria wakashuka mmoja mmoja kama watu waliotoka kuugua. Ilikuwa Juni ya mwaka 1954. Ukungu ulikuwa umeteremka kutoka mlima Loleza mpaka juu ya mabati ya maduka ya Wahindi, na wapagazi wa kituoni walifukizana mvuke kila walipofungua vinywa kugombea mizigo.

Esta Kalinga alishuka wa mwisho. Alivaa gauni zito la rangi ya udongo, na juu yake sweta ya manjano aliyoifuma kwa mikono yake mwenyewe. Kitambaa cheupe cha kichwani kilikuwa kimeshapoteza weupe wake njiani. Mgongo ulimuuma. Alisimama akingoja robota lake la nyuzi za sufu literemshwe kutoka juu ya basi, nalo lilipotua kwenye mizani ya ofisi ya mizigo, karani hakuitazama mizani. Alimtazama yeye.

"Hili limezidi," alisema karani.

"Hujasoma mizani, bwana karani."

"Nimesoma uso. Mwenye mzigo wa halali hanuni hivyo."

"Nimekaa ndani ya basi lenu tangu alfajiri, ubavuni mwa mama mwenye majogoo. Ukitaka nicheke, nipe mahali pa kukaa na kitu cha moto."

Karani akaingia ndani, akatoka na kigoda na chai ndani ya kikombe cha bati. Wapagazi wakapiga mbinja.

"Haya, kaa, kunywa, ucheke."

Esta akanywa funda moja. "Haina sukari."

"Sukari ni ya wasiozidisha uzito."

Hapo akacheka, kwa uchovu zaidi kuliko kwa furaha. Lakini kicheko cha mtu aliyechoka huwa hakina ulinzi, na karani yule alikiona chote. Jina lake lilikuwa Yotamu. Alikuwa mtu wa Rungwe, mrefu, mwenye suruali ya kaki iliyopigwa pasi hadi mkunjo wake ukaonekana kama ungeweza kukata uzi.

Esta aliishi Mbeya kwa shangazi yake, aliyeolewa na askari polisi, na kazi yake ilikuwa kufuma sweta katika baraza la duka la nguo. Mji ule wa baridi ulimpa wateja wa kutosha. Haikupita wiki, Yotamu akaja kuagiza sweta. Alipimwa mabega, kifua na mikono. Siku ya pili akarudi, na ya tatu.

"Nipime tena. Nadhani nimenenepa."

"Tangu jana?"

"Chakula cha hotelini kina nguvu."

"Karani, hiki kipimo cha tatu cha mkono mmoja. Utaondoka hapa na mikono ya nyani."

Ndivyo walivyoanza. Esta alipokwenda Iringa kuwaona wazazi wakati wa Noeli, Yotamu alimpigia simu kutoka ofisi ya mizigo ya Mbeya hadi ofisi ya mizigo ya Iringa, akijifanya anaulizia vifurushi vya kampuni.

"Robota la manjano lilifika salama?"

"Lilifika. Ila limechoka."

"Lirudishwe Mbeya haraka. Huku kuna mtu hali."

"Mtu huyo ale ndizi. Kwao zimejaa."

"Ndizi hazicheki, Esta."

Katikati ya waya akakohoa mama wa mitambo ya simu, ambaye kazi yake ilikuwa kuunganisha watu na asiyejifanya hasikii. "Ofisi ya mizigo, muda wenu umekwisha. Robota litarudi, msilie."

Mapenzi yao hayakuwa na kizuizi chochote ila kimoja, na hicho kilijulikana na kila mtu tangu mwanzo. Baba yake Esta, Mzee Danieli Kalinga wa Kihesa, kiungani mwa mji wa Iringa, alikuwa na mtoto wa kiume, Eliezeri, aliyekwisha kuposa msichana na kuambiwa alete ng'ombe. Ng'ombe hao walikuwa hawajazaliwa katika zizi la mtu yeyote. Walikuwa ndani ya Esta. Dada huolewa, ng'ombe wakaja. Ng'ombe hao hao wakatoka, kaka akaoa. Mzee Kalinga mwenyewe alimwoa mkewe kwa ng'ombe wa yule shangazi wa Mbeya, na shangazi hakumwachia asahau. Kila alipokuja Kihesa alipewa kikombe cha kwanza cha chai, mbele ya mwenye nyumba.

Kwa upande wa Yotamu desturi haikutofautiana sana. Walizaliwa watatu kwa mama yao: dada mmoja, kaka yake Saulo, na yeye. Ng'ombe wa dada walimpatia Saulo mke. Saulo alikuja Mbeya siku moja ya soko, jitu la kimya lenye kabuti jeusi alilolinunua alipokuwa mgodini, akaweka mkungu wa ndizi miguuni pa Esta.

"Shemeji," alisema, "mimi nilikula zamu yangu, nikamwoa Damari. Sasa ni zamu ya huyu. Nina mibuni kilimani, na bei ya kahawa imepanda. Mungu akipenda, mavuno yajayo yatazaa ng'ombe."

"Kahawa huzaa ng'ombe, shemeji?"

"Siku hizi huzaa hata mabati," alisema Saulo, na kaka na mdogo wakacheka kicheko kimoja.

Mavuno hayakumngoja. Mwezi wa Machi, mvua za masika zilipopamba moto, Saulo alilala na kichomi, na Jumapili iliyofuata alizikwa. Aliacha mjane, watoto watatu wadogo, na kilima cha mibuni.

Yotamu alikwenda matangani akisema atarudi baada ya siku chache. Majuma yakapita. Kituoni akawekwa karani mwingine, mtu asiyetazama chochote ila mizani. Esta alifuma, akafumua, akafuma tena. Shangazi alimtazama kwa muda, kisha akamwambia, "Mwanangu, mwenye msiba hupelekewa pole. Nenda kampe pole, urudi na usingizi wako."

Alipanda lori Uyole, pale njia ya Tukuyu inapoiacha barabara kuu, akaketi juu ya magunia ya chumvi pamoja na wanawake wa soko. Mvua ilinyesha hadi Rungwe. Alipoteremka aliuliza njia, akapanda kilima katikati ya migomba, gauni lake jeusi la pole likiwa limelowa hadi magotini, na pindo la ua lilipoonekana akasimama kufuta uso.

Uani palikuwa na watu wengi wamekaa kimya kama wanaomaliza jambo. Juu ya kigoda cha mwenye nyumba aliketi Yotamu, amevaa kabuti jeusi la Saulo. Mwanamke kijana aliyejifunga kaniki alikuwa amepiga magoti mbele yake, anamnawisha mikono. Kitoto cha kike kikatoka mbio ndani ya nyumba, kikamrukia magotini, kikamwita baba kwa lugha ya kwao, "Tata! Tata!" Naye akakibeba.

Kando ya migomba alisimama mwanamume mmoja akivuta kiko. Alikuwa Anyitike, ndugu wa Saulo na Yotamu kwa mama mwingine. Esta hakumjua.

"Samahani, kaka. Leo kuna nini?"

"Ni siku ya kumketisha mrithi, dada. Yotamu amekaa mahali pa Saulo."

"Amerithi nini?"

Anyitike akamtazama kama mtu anayeulizwa maji ni nini. "Nyumba, ng'ombe, kahawa. Na waliomo."

"Na mjane?"

"Nyumba isiyo na mwanamke ni banda," alisema Anyitike, bila ubaya wowote. "Karibu ndani, utapata uji."

Esta hakuingia. Aligeuka akateremka kilima kile kwa njia ile ile ya utelezi, na lori la kurudi lilipompakia hakusikia baridi. Alikuwa amelelewa katika desturi iliyofanana na ile. Alizijua alama zake zote, na kwa kuwa alizijua, hakuona haja ya kumwuliza mtu mwingine. Juma lile lile aliaga kwa shangazi, akafunga nyuzi zake, akarudi Kihesa.

Iringa ilimpokea kwa upepo wake wa Juni, upepo usio na adabu, unaoingia kila mahali. Esta alirudi katika kazi za nyumbani: maji, kuni, mahindi, na sweta za wateja wachache. Baba yake hakumwuliza neno. Eliezeri ndiye aliyeuliza, siku moja wakipukuchua mahindi.

"Huyo karani wako amekufa?"

"Amerithi."

"Basi ana ng'ombe."

"Na mke."

Eliezeri akapukuchua gunzi zima kabla ya kusema. Alikuwa kijana mwema, mwenye mabega ya kulima na uso wa kungoja. "Mimi nitamwambia nini baba wa mchumba wangu? Kila Jumapili ananiuliza, 'Dada yako vipi?' Haniulizi mimi vipi."

"Mwambie dada yako amechoka."

"Hata mimi nimechoka, Esta. Lakini wewe uchovu wako una jina."

Simu zilianza Julai. Karani wa Iringa alimpelekea habari kwamba anatafutwa kutoka Mbeya, hakwenda. Alipelekewa tena, hakwenda. Mara ya tatu alikwenda, kwa sababu mama yake alimwambia kwamba anayekataa kusikia huwa amekwisha kusikia tayari. Alisimama ofisini katikati ya magunia, akashika kile chombo cheusi kizito kwa mikono miwili.

"Esta?"

"Ndiye."

"Nimerudi kazini. Nimekuja kwa shangazi, akaniambia umeondoka. Kwa nini hukuniaga?"

"Nilikuja kwenu kukupa pole. Ulikuwa unanawishwa."

Waya ukavuma.

"Ulikuja? Lini? Esta, nisikilize. Sikumwoa Damari."

"Ulikaa kwenye kigoda?"

"Nilikaa."

"Ulivaa kabuti?"

"Nilivaa. Lakini..."

"Watoto wanakuitaje, Yotamu?"

Mtu mwongo angelijibu upesi. Yotamu, ambaye katika maisha yake hakupata kumzidishia mtu uzito hata ratili moja, alijibu kwa sauti ya chini, "Wananiita baba."

"Basi," alisema Esta, akarudisha chombo mahali pake.

Kilichompata Yotamu hakikuwa jambo la mtu mmoja, na ni haki msomaji alijue. Zamani katika nchi ile mtu alipokufa mrithi alipokea mkuki, ng'ombe na jina. Ardhi haikurithiwa sana, kwa kuwa wakubwa wa kijiji waliigawa upya kwa waliohitaji. Mbuni ulibadili hesabu hiyo. Mbuni hauhami, nao huzaa miaka mingi kuliko anayeupanda. Basi kilima kilichokuwa mali ya leo kikawa mali ya kesho, na kigoda cha marehemu, ambacho zamani kilikuwa mzigo wa kulea, kikawa kitu cha kugombewa. Nyumba iliyopata mrithi mwema ilisimama. Nyumba iliyompata mwingine iligeuka kibarua katika shamba lililokuwa lake.

Mwezi wa Septemba, asubuhi ya jua jepesi, Esta alikuwa uani Kihesa akisokota nyuzi, mwanamke mwenye kaniki akasimama kwenye njia ya ua, mtoto mgongoni.

"Kamwene," alisema mgeni kwa shida, kwa lugha isiyokuwa yake.

"Kamwene, dada. Karibu." Kisha Esta akamtambua, na mikono yake ikasimama.

"Wewe ndiye Esta. Mimi ni Damari. Nilikuona siku ile umesimama kwenye migomba. Nikadhani ni mtu wa kanisani amekuja kutoa pole. Nilipoinua macho tena, hukuwapo."

"Nilikukuta na kazi."

"Kazi gani?"

"Unamnawisha mikono."

"Ndiyo, nilimnawisha," alisema Damari, akaketi bila kuambiwa, kwa maana safari ilikuwa imemmaliza. "Nilimnawisha na mama mkwe, na mchungaji, na wazee wote wa ukoo. Mimi ndiye niliyeshika birika. Wewe ulitazama mikono ya mmoja tu."

Esta aliweka nyuzi chini. Alimletea maji ya kunywa, na uji kwa mtoto. Mtoto ndiye yule aliyekimbia kutoka ndani. Jina lake Tupokigwe.

"Mwenye kiko kando ya migomba aliniambia nyumba imerithiwa pamoja na waliomo."

"Anyitike? Alikuambia mila, wala hakuibuni. Lakini hukumwuliza kama jambo limetendeka. Wala hukuniuliza mimi kama nalitaka."

"Na ulilitaka?"

Damari akaangua kicheko kilichomshtua mtoto. "Yotamu? Mtu anayepiga pasi suruali ya kwendea shambani? Dada yangu, mimi nilikuwa na mume."

Kicheko kikageuka, kwa ghafula, kuwa kitu kingine. Esta akasogea, akamshika mgongo, wakakaa hivyo mpaka kikaisha.

"Kigoda hakikai kitupu," alisema Damari alipojifuta uso. "Asingekikalia Yotamu, angekikalia Anyitike, na mibuni ingehamia nyumba ya mama mwingine, mimi na watoto tukabaki wageni. Kwa hiyo alikaa. Alivaa kabuti, akaingia kwa mlango wa mbele, wazee wakaondoka wameridhika. Yeye akatoka kwenda kulala kwa mchungaji, na hajalala kwangu hata siku moja. Mchungaji alisimama mbele ya wazee akasema mibuni ile ni ya watoto, Yotamu ni mlinzi tu. Walinung'unika, lakini kigoda kilikuwa kimekwisha kupata mtu."

"Mbona hakuniambia tangu mwanzo?"

"Angekuambia nini? Kwamba kahawa iliyoahidiwa kuzaa ng'ombe wako sasa ni karo na dawa, na chumvi ya mama mkwe? Haibaki hata mkia mmoja. Na mshahara wake wa ofisini nao nusu yake hupanda kilima. Watu Mbeya wanamwona tajiri. Wanamwita mwenye mibuni. Aliona aibu kuja kwako na sifa hiyo na mikono mitupu."

"Na wewe, Damari, kwa nini umekuja?"

Yule mjane akamtazama mtoto akilamba kijiko. "Kwa sababu nimechoka kuwa sababu ya watu."

Damari alilala kwao siku mbili, akala ugali wa Uhehe, akakataa ulanzi, ile pombe ya mianzi, kwa heshima na mara ya pili akaukubali. Alipopakiwa basi, Esta hakurudi nyumbani. Aliingia ofisi ya mizigo, akaomba Mbeya.

"Ofisi ya mizigo," ilisema sauti.

"Yotamu."

Upande wa pili kalamu ikawekwa mezani.

"Unataka nini kwangu?" aliuliza Esta.

"Sina kitu, Esta. Hata nikitaka."

"Sikukuuliza una nini."

Pumzi yake ilisikika, ndefu. "Nakutaka wewe. Nakutaka tangu ulipolalamika sukari."

"Basi njoo umwambie baba, na mikono yako mitupu hivyo hivyo. Nimemwona Damari. Nilikosa, ilinipasa kukuuliza na kungoja jibu likamilike."

"Na mimi nilikosa. Nilikuacha upime bila mizani."

"Usiniletee maneno ya ofisini. Njoo."

"Muda wenu umekwisha," alidakia mama wa mitambo, sauti imemlegea kidogo. "Na aje na koti, dada. Iringa kuna baridi."

Alikuja. Alivaa ile sweta iliyopimwa mara nyingi, ikawa kweli mikono imezidi. Alileta jembe na blanketi kwa ajili ya mzee, na kitenge kwa ajili ya mama, akaketi penye kiti alichoonyeshwa. Mzee Danieli Kalinga alimsikiliza mpaka mwisho. Yotamu hakuficha kitu: kigoda, kahawa, watoto watatu, miaka ambayo ingepita kabla ya mkubwa wao kushika shamba.

"Ng'ombe sina, mzee. Nitawaleta mmoja mmoja, kwa kadiri Mungu atakavyonipa, na sitakudanganya kwamba watakuja upesi."

Mzee akavuta ugoro. "Mtu anayekataa kula mali ya yatima ni mtu wa kupewa binti," alisema. "Hilo ni jambo la kwanza. La pili ni huyu hapa."

Eliezeri alikuwa ameegemea mlango.

"Mimi nina dada mmoja," alisema Eliezeri, wala hakupaza sauti. "Wenzangu wenye dada wawili watatu wameoa, wana mashamba, wanaitwa baba fulani. Nimemngoja Esta avunje ungo, nikamngoja arudi kutoka Mbeya, nikamngoja aache kulia. Sasa nimngoje na mtoto wa marehemu Saulo akue? Mimi Saulo sikumjua."

"Kaka, mimi ndiye nitakayeishi ndani ya ndoa hiyo."

"Na mimi ndiye nitakayeishi nje yake."

Alisema kweli. Mama yao aliinuka akaenda jikoni. Yotamu alitazama mikono yake. Esta alitamani kukasirika, akatafuta hasira ndani yake akaikosa. Alichokuta ni kumbukumbu ya kaka yake akipukuchua mahindi, akiulizwa kila Jumapili habari za mtu mwingine.

"Mwenye haja hapa ni Esta," alisema mzee. "Mwenye haki ni Eliezeri. Mimi sina zizi la kuwatosha wote. Nilioa kwa ng'ombe wa dada yangu, na mpaka leo sijui kama nilimshukuru au nilimla. Sitaamua juu ya kichwa chako, mwanangu. Ukisema hapana, mgeni huyu atakula chakula na kwenda kwao."

Sauti ya mwiko ikasikika kutoka jikoni, na Eliezeri akajiondoa mlangoni. Alimtazama dada yake, kisha ile mikono mirefu ya sweta, na kitu kama tabasamu kikapita usoni pake.

"Umemfumia mtu huyu vibaya," alisema. "Muozeni. Nikikataa, nitaoa kwa ng'ombe wa mtu ambaye Esta hamtaki, nile chakula huku dada yangu ananitazama. Muozeni tu."

Esta akamwendea kumshika mkono. Eliezeri akauacha ushikwe, lakini hakufumba vidole vyake.

Harusi ilifungwa mwaka uliofuata, baada ya mavuno, katika kanisa la matofali mabichi; Damari alikuja na watoto wote watatu, na shangazi alikunywa chai ya kwanza. Mchumba wa Eliezeri alikuwa amekwisha kuolewa na mtu mwingine, mwenye dada wawili.

Siku chache baada ya harusi, lori la kuchukua watu wa mashamba ya mkonge lilisimama karibu na soko la Iringa. Vijana walipanga mstari, kila mmoja akapewa blanketi na kibati chenye namba. Eliezeri alikuwa mmoja wao. Mzee Kalinga alikuwa ameagana naye nyumbani, hakuweza kufika. Esta na Yotamu ndio waliomsindikiza.

"Ni miaka michache," alisema Eliezeri, akilikunja blanketi lake begani. "Wengine hurudi na baiskeli."

"Wengine hawarudi," alisema Esta.

"Mke wa karani, usiniharibie safari." Akamgeukia Yotamu, na mzaha wake wa zamani ukarudi usoni. "Shemeji, nimekupa dada bila ng'ombe. Usinishukuru. Ila mkizaa binti wa kwanza, ng'ombe wake ni wangu. Tumeelewana?"

Yotamu akacheka, akanyoosha mkono wa kukubali. Lilikuwa jambo dogo, jambo la mbali, na msafiri habishiwi.

"Hapana," alisema Esta.

Wote wawili wakamtazama.

"Ni utani, Esta," alisema Yotamu taratibu.

"Si utani. Yeye anajua, na mimi najua." Akamgeukia Eliezeri. "Kaka, nitakufumia, nitakulimia, nitakulipa mimi mwenyewe mpaka nizeeke. Niite wakati wowote. Lakini huyo hajazaliwa. Mwache aje duniani bila deni."

Mzaha ukamtoka Eliezeri usoni, ukabaki uso wa kungoja. "Hata hilo, Esta? Hata neno tu?"

"Hata hilo."

Msimamizi wa lori akaita namba. Eliezeri alimtazama dada yake kidogo zaidi, kama anayeangalia mahali alipoacha kitu, kisha akakanyaga gurudumu akapanda. Alikaa upande wa mbele, mgongo kwao. Lori lilipokata kona kushuka bondeni, wenzake walipunga mikono na kuimba, yeye hakugeuka.

"Ungemwitikia tu," alisema Yotamu. "Ni maneno ya kuagana."

"Ningemwitikia," alisema Esta, "angehesabu."

Walianza kurudi Kihesa kwa miguu, upepo ukiwapiga mavumbi usoni. Esta alilia njia nzima, wazi wazi, bila kujifunika. Alitamani lori lisimame, kaka yake ashuke, amkumbatie. Hakutamani neno lake lirudi.